Dokta Mdogo, Njoo Unywe Chai



Kijana wa mkoani akichaguliwa kusomea udaktari, anaitwa daktari siku hiyo hiyo. Hajaripoti chuoni, hajui hata bweni lake liko wapi, lakini mtaani ameshapandishwa cheo. Likizo ya kwanza anarudi nyumbani, miezi michache tangu aanze kukariri majina ya mifupa, na jioni mzee wa jirani anapiga hodi akiwa na bahasha ya eksirei kwapani. "Dokta, hebu niangalizie hapa." Kijana anainua picha kwenye taa, anaona mbavu, anazihesabu, zimetimia. Zaidi ya hapo hana la kusema. Lakini atasemaje hajui, na baba yake amekaa pale pale anatabasamu?

Tunacheka, ila mzigo wa kwanza wa mwanafunzi wa udaktari ndio huo, na tunamtwisha sisi kabla mwalimu yeyote hajamgusa. Leo nataka tuuzungumzie ustahimilivu wa akili za hawa vijana. Shahada yao Tanzania ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa udaktari tarajali. Kenya ni miaka 6, na mwaka wa uanagenzi juu yake. Ni ujana karibu wote.

Tazama wanaoingia ni akina nani. Ni waliofaulu fizikia, kemia na baiolojia kuliko wenzao. Kila mmoja alikuwa wa kwanza au wa pili shuleni kwake, picha yake ilibandikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Sasa hao wa kwanza wote wamejazwa ukumbi mmoja, na lazima mmoja wao awe wa mwisho. Kwa wengi, mtihani wa kwanza wa marudio, yaani sapu ya anatomia au ya baiokemia, ndiyo mara ya kwanza maishani kufeli. Aliyezoea kupata alama za katikati tangu darasa la tano anajua kwamba ukifeli, kesho yake kunakucha na watu wanakunywa chai kama kawaida. Huyu hajui. Nyuma ya sapu anaona kudisko, yaani kufukuzwa chuo, nyuma ya kudisko anaona mkopo wa Bodi ya Mikopo, na nyuma ya mkopo anaiona sura ya mama yake.

Udaktari una na vituko vyake. Wanafunzi wa udaktari, duniani kote, wanajulikana kwa kuugua kila wanachosoma. Wiki ya moyo wote wanasikia mapigo yanaruka, wiki ya ubongo kila kichwa kinachouma ni uvimbe. Hayo hupita. Mengine hayapiti.

Mwaka 2016, JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani, lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Lisa Rotenstein. Ulikusanya tafiti karibu 200 kutoka nchi zaidi ya 40. Wakakuta kwamba katika kila wanafunzi 100 wa udaktari, 27 walikuwa na dalili za sonona, na 11 walikuwa wamefikiria kujitoa uhai. Nisieleweke vibaya hapa. Tafiti nyingi za namna hii hutumia dodoso, na anayejaza dodoso kwamba halali na hana hamu ya kitu, ana dalili. Kama ana ugonjwa ni jambo la daktari kuthibitisha. Lakini hata ukipunguza, 27 ni wengi.

Namba iliyonikaa mimi kichwani ni nyingine, ya tatu, na haitajwi sana. Katika wale walioonekana kuwa na sonona, waliokwenda kutafuta tiba ni kama 16 tu kwa kila 100. Hebu fikiria. Hawa si watu wa kijiji kilicho siku mbili kutoka barabarani. Wanashinda hospitali, wanakula hospitali, wengine wanalala ng'ambo ya ukuta wake. Kliniki ya afya ya akili wanaijua mlango.

Kwa nini basi hawaingii? Ukimuuliza mwanafunzi, anakujibu bila kufikiri. Daktari wa akili aliye ndani ni mwalimu wake, mwezi ujao atamtahini. Karani wa mafaili anamjua kwa jina. Na kwenye benchi la kusubiria, mbele ya wagonjwa, wamesimama wanafunzi wenzake wenye makoti meupe, wako kwenye zamu yao ya kujifunza magonjwa ya akili. Atapita wapi?

Juu ya hayo kuna sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, imekifanya kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Mwanafunzi anayesoma kwamba sonona ni ugonjwa kama kisukari, halafu anaambiwa kwamba aliyezidiwa nayo anaweza kupelekwa polisi, anajifunza jambo moja kwa hakika: kunyamaza. Na kwa kuwa tumegusa hapa, msikilizaji, ukimsikia mwenzako anasema amechoka kuishi, usimpe mawaidha na kumwacha. Kaa naye, na usiku huo huo mpeleke kwa mtabibu.

Basi tukishaona vijana wanalemewa, jibu letu ni lipi? Tunawaambia wakomae. Siku hizi tumeongeza na semina: vijana wanaitwa Jumamosi, siku ambayo wangelala, wanafundishwa kuvuta pumzi kwa utaratibu, wanapewa soda, Jumatatu wanarudi wodini kule kule. Sina ugomvi na kuvuta pumzi. Ila semina peke yake inanikumbusha konda wa daladala anayewaambia abiria wasogee nyuma, nafasi bado ipo, wakati yeye ananing'inia mlangoni kwa mkono mmoja.

Niwapeni kisa cha mtoto wa dada yangu, ambaye sasa ni daktari kamili na ameniruhusu nikisimulie bila kutaja jina wala hospitali. Alikuwa mwaka wa nne, zamu ya usiku, wodi ya watoto. Akaletwa kichanga kinachopumua kwa shida. Rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, akampa kifuko cha kusukumia hewa, akamwonyesha mdundo, akamwambia usiache. Hakuacha. Anasema kilichomshangaza ni jinsi kidole gumba kinavyokufa ganzi kabla ya vingine, na jinsi alivyokuwa akihesabu kwa sauti bila kujua kwamba anahesabu kwa sauti, mpaka mama wa mtoto akaanza kuhesabu naye. Baadaye rezidenti akamshika kiwiko, akasema, "Acha sasa." Akatazama saa, akaandika muda. Kisha, kwa sababu wodi ilikuwa imejaa na mtu mwingine hakuwepo, akamwambia akatoe damu kitanda cha jirani.

Alikwenda, akatoa damu. Mkono haukutetemeka, na hilo lilimtisha kuliko yote.

Saa mbili, kwenye ripoti ya asubuhi, akasimama kusoma wagonjwa wa usiku. Bingwa akamuuliza kiwango cha potasiamu cha kitanda namba 9. Hakuwa nacho. Akaambiwa mbele ya darasa zima kwamba watu kama yeye ndio wanaojaza makaburi, na hakuna mtu mle ndani aliyejua usiku wake ulikuwaje, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kichanga kilikuwa kimeandikwa mstari mmoja.

Alipotoka ukumbini alikuwa anakwenda bwenini kufunga begi. Anaapa kwamba ndivyo. Kwenye korido akakutana na muuguzi mmoja wa makamo aliyekuwa zamu ile ile ya usiku, ameshavua kofia, viatu mkononi. Yule mama akamtazama akasema, "Dokta mdogo, njoo unywe chai." Akamkalisha kwenye kile chumba chao chenye kabati za chuma, akammiminia chai ya chupa, akamkatia kipande cha chapati aliyotoka nayo nyumbani jana yake. Hakumwambia pole zaidi ya mara moja. Alimsimulia habari za mtoto wa kwanza kumfia mikononi, wodi gani, mwaka gani, jina lake nani, alikuwa amevaa fulana ya rangi gani. Kisha akasema, "Mimi nalala mpaka saa tisa. Ukiamka kabla yangu nipigie." Akampa namba.

Begi halikufungwa.

Wanasayansi wanaochunguza ustahimilivu walikwishaliona jambo hili pasipo na hospitali yoyote. Emmy Werner alifuatilia watoto wote waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, karibu 700, kwa miongo kadhaa. Wapo waliokulia katika umaskini, ulevi, nyumba zilizovunjika. Kiasi cha theluthi moja ya hao waliokuwa hatarini walikua watu wazima waliotulia, wenye kazi na wenye kujali wenzao. Alipotafuta wamefanana wapi, kimoja kilichojirudia ni kwamba kila mmoja alikuwa na walau mtu mzima mmoja wa kumtegemea: bibi, mwalimu, jirani, mtu wa kanisani. Hakuhitaji kuwa mzazi.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba huyu mwanafunzi ana moyo mgumu na yule ni laini, huwa nauliza kwanza: laini ana nani? Tazama ratiba zao. Miaka miwili ya mwanzo wanabebwa na kundi la diskasheni, wanne au watano, ubao mmoja, usiku kucha, na wanajuana mpaka njaa. Mwaka wa tatu wanaanza wodi na ratiba inawatawanya: mmoja upasuaji, mmoja watoto, mmoja magonjwa ya ndani, mmoja kwa wajawazito. Yaani siku wanayoanza kuona vifo ndiyo siku tunayowaondolea wenzao. Sidhani kuna aliyekaa akapanga hivyo kwa ubaya. Ni ratiba tu, imekaa hivyo miaka yote.

Kinachotokea mwaka huo wa tatu kimepimwa. Mohammadreza Hojat na wenzake, katika chuo cha udaktari cha Jefferson kule Philadelphia, walipima uwezo wa wanafunzi kuona mambo kwa jicho la mgonjwa, mwaka hadi mwaka. Matokeo yao ya 2009 yalionyesha kwamba miaka miwili ya kwanza uwezo ule haukubadilika. Ulishuka mwaka wa tatu, walipoingia wodini. Wapo watafiti waliojibu kwamba kushuka kwenyewe ni kudogo na tusikuze mambo, na yafaa kuwasikiliza. Lakini mwelekeo unashangaza. Ungetarajia kwamba kijana akikutana na wagonjwa wenyewe, wenye majina na watoto, huruma izidi.

Hapa nina neno na wale wanaosifu ugumu. Kuna mwanafunzi ambaye baada ya miezi michache halii tena, hakosi usingizi, anafanya utani juu ya kila kitu, na akizungumza na wenzake haitaji jina la mtu: "ile malaria ya kitanda cha sita". Tunamwona amekomaa. Christina Maslach, aliyetengeneza pamoja na Susan Jackson kipimo cha uchovu wa kazi kilichochapishwa mwaka 1981, angetazama mara mbili. Kipimo chao kina sehemu tatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuhisi kwamba hufanikishi lolote kazini, na hii ya tatu, kuanza kuwaona watu kama vitu. Kwa hiyo yule tunayemtolea mfano darasani pengine ndiye aliyeumia zaidi, na yule anayejifungia chooni kulia dakika tano kisha akarudi kitandani kwa mgonjwa ndiye mzima. Wewe msikilizaji umewahi kukaa mbele ya daktari akaandika dawa bila kukutazama usoni. Ulimlaani, na haki yako. Lakini huo uso ulifundishwa kutotazama mahali fulani, mwaka fulani.

Mabingwa watanijia juu, najua. Watasema wodi haina mzaha, asiyejua potasiamu ya mgonjwa ataua mtu. Kweli kabisa. Mimi nikilazwa nataka daktari aliyebanwa maswali mpaka akajua. Ila kumbana mtu aseme kiwango cha potasiamu ni kazi moja, na kumwambia atajaza makaburi ni kazi nyingine, na hii ya pili haijawahi kupandisha wala kushusha potasiamu ya mtu yeyote. Wakisema "sisi tulipita hapo hapo", ni kweli walipita. Ila wale walioishia njiani hawako kwenye mkutano wa idara watoe maoni yao.

Na si lazima mambo yabaki yalivyo. Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, kilifanya jambo ambalo wengi waliliona la hatari. Kuanzia mwaka 2009, chini ya daktari mmoja aitwaye Stuart Slavin, miaka miwili ya mwanzo waliondoa madaraja ya alama, ikabaki umefaulu au umefeli. Wakapunguza saa za darasani kwa asilimia 10. Wakawaunganisha wanafunzi na walimu katika vikundi vidogo vya wanaopenda jambo moja. Sonona na wasiwasi vikashuka kwa wanafunzi waliofuata, na matokeo ya mitihani ya nchi hayakuanguka kama ilivyotabiriwa. Ninachopenda katika habari hii ni kwamba walianza kwa kubadilisha chuo. Mwanafunzi waliyempokea alikuwa yule yule wa kila mwaka.

Sisemi tuige Marekani. Wao hawana wanafunzi waliozunguka kitanda kimoja safu mbili, wa nyuma wakimsikia mgonjwa kwa kubahatisha. Hawachukui historia ya mgonjwa kwa Kiswahili na kuigeuza Kiingereza papo hapo mbele ya bingwa. Na hawasubiri bumu, yaani fedha ya kujikimu iliyochelewa, wiki ya mitihani, huku wanasoma lishe bora ya binadamu kwa mlo mmoja kwa siku. Hilo nalo liingie kwenye hesabu ya ustahimilivu. Njaa haiondolewi kwa semina.

Hata wanaomaliza hawajavuka. Tuliona Kenya mwaka 2024. Mkataba wa mwaka 2017 ulimpa daktari mwanagenzi zaidi ya shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi. Serikali ikaja na 70,000. Madaktari wakagoma kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Mei, siku 56, na suala la wanagenzi halikumalizika pale, likaburutwa mpaka Desemba ndipo yakafikiwa makubaliano ya kuuheshimu mkataba. Kijana amesoma miaka 6, amekaa nyumbani miezi akisubiri kupangiwa kituo, kisha anaambiwa thamani yake ni theluthi moja. Ukimkuta hana raha utamwambia avute pumzi?

Kitu ninachoamini tunaweza kukifanya, na hakisubiri bajeti ya wizara, kilianzia Boston. Kenneth Schwartz alikuwa mwanasheria wa mambo ya afya, akapata saratani ya mapafu, akafariki mwaka 1995. Kabla ya kufa aliandika kwamba kilichomsaidia kuvumilia ni wahudumu waliomshika mkono na kuongea naye kama mtu. Mwaka 1997 hospitali aliyotibiwa, Massachusetts General, ikaanza mikutano kwa jina lake: wahudumu wote, wa vyeo vyote, wanakaa saa moja kuzungumza juu ya mgonjwa fulani. Matibabu yake yanajadiliwa kwingineko. Hapa kila mmoja anaeleza mgonjwa yule alimfanya ajisikieje. Leo mikutano hiyo iko katika mamia ya hospitali, Uingereza ikiwamo.

Kwetu kinachotakiwa ni chumba, saa moja kwa mwezi, na birika la chai. Chumba kipo, ni kile kile cha ripoti ya asubuhi. Wauguzi wawepo, maana mara nyingi wao ndio wanaojua nani alilia. Anayefungua mazungumzo awe bingwa mwenyewe, aeleze mgonjwa wake mmoja aliyemkosesha usingizi. Mwanafunzi hatathubutu kutangulia mbele ya mkubwa wake, na hatupaswi kumlaumu, ndivyo tulivyomlea. Na kliniki ya afya ya akili ya wanafunzi itolewe nje ya hospitali wanayosomea, kwa mtabibu ambaye hatawatahini. Vyuo viwili vya mji mmoja vinaweza kubadilishana: wa kwangu watibiwe kwako, wa kwako kwangu. Barua moja ya wakuu wa vyuo inatosha.

Na wewe mzazi uliye na mtoto huko, ukimpigia jioni hii usianze na kumuuliza amebakiza miaka mingapi wala amepata ngapi. Muulize zamu ya mwisho ilipokwisha alikaa na nani, wakala nini. Akikutajia mtu kwa jina, mpe salamu zake huyo mtu. Akisita, akasema yuko sawa tu, usikate simu. Muulize wodi gani yuko, nani anamfundisha, analala saa ngapi. Kama bado huridhiki, Ijumaa panda basi umfuate, na usimwambie kwamba umekuja kumchunguza. Mwambie umemletea unga.